Deni la Benki Haliibiki

Mwenye akaunti aendapo benki kulalamika kwamba fedha zake zimetolewa na mkono asioujua, jawabu analolipata dirishani aghalabu ni moja, nalo hutolewa kwa upole wa mtu aliyekwisha kulitoa mara nyingi: kwamba kumbukumbu za mashine zinaonyesha kadi iliyotumika ni yake na namba ya siri iliyobonyezwa ni yake, kwa hiyo ama fedha alizitoa mwenyewe akasahau, ama alimfichulia mtu siri yake, na katika hali zote mbili benki haihusiki. Mlalamikaji hurudi nyumbani na taarifa ya akaunti mkononi, akijilaumu kwa kosa asilolikumbuka. Nadai katika makala haya kwamba jawabu hilo limejengwa juu ya msingi mbovu. Kwamba mwivi achukuapo fedha za benki bila ya idhini ya mwenye akaunti huwa ameiibia benki, wala hakumwibia mwenye akaunti. Na kwamba anayetaka kusema kinyume cha hayo, naye ni benki, ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Watu wengi hudhani kwamba fedha walizoweka benki zimo humo zimekaa, zikiwa zao, zikimngoja mwenyewe azirudie. Sheria haikuona hivyo kwa muda mrefu sasa. Katika shauri la Foley na Hill, lililoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1848, Lord Cottenham alieleza kwamba fedha zikishapokelewa na benki hukoma kuwa mali ya aliyezileta; huwa mali ya benki, ambayo yaweza kuzikopesha, kuzifanyia biashara au kuzitia katika hatari yoyote bila ya kumwuliza mtu, ilimradi mteja atakapodai imlipe kiasi kile kile alichoweka. Mteja, basi, ni mdai, na benki ni mdaiwa wake. Kanuni hiyo haikubaki ng'ambo: sheria ya Uingereza iliyopokelewa Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, ilikuja nayo, na hata leo ndiyo nguzo inayotegemewa na mahakama zetu zinapopima uhusiano wa benki na mteja wake.

Msomaji wa pwani aliyepitia vitabu vya hadithi hatalistaajabia jambo hili, kwani lilijulikana zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Lord Cottenham. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Zubeir bin Awwam, sahaba wa Mtume, alikuwa akijiwa na watu waliotaka kumwekesha mali zao, naye akikataa kuzipokea kwa njia ya amana na kutaka ziwe mkopo juu yake, kwa kuchelea zisije zikapotea. Tofauti ya njia hizo mbili ni kubwa katika fikihi: aliyewekeshwa amana, ikiwa hakufanya hiana wala taksiri, halipi kitu mali ile ikiibiwa, bali mkopaji hulipa kwa vyovyote, kwa kuwa mali aliyoichukua imekuwa yake na deni limekaa shingoni mwake. Zubeir alijitwika dhamana hiyo kwa hiari, wenye mali wakapata salama, naye akapata uhuru wa kuitumia mali ile kihalali. Alipofariki mwaka 656, mwanawe Abdalla alizihesabu deni zake akazikuta zimefika 2,200,000, akazilipa zote kabla ya kuwagawia warithi urithi wao.

Benki za leo hupokea fedha kwa njia ile ile aliyoichagua Zubeir. Hata zile zifuatazo sharia ya Kiislamu huzipokea akaunti za kawaida kwa mkataba wa kardhi, yaani mkopo, au kwa mkataba wa amana yenye dhamana, ambao matokeo yake hayatofautiani. Fedha hizo benki huzikopesha kwa faida, huzinunulia hati za serikali, na huzijengea majumba ya ghorofa katika miji mikuu. Na hakuna anayeionea kijicho, maana ndiyo biashara yake. Lakini siku ya wizi benki hiyo hiyo hugeuka ikataka ihesabiwe kuwa mtunza amana aliyefanya alivyoweza akashindwa na mwivi. Haiyumkiniki mtu mmoja akala faida ya mkopaji na kujikinga kwa udhuru wa mwekeshwa amana. Mtu akimkopesha jirani yake pishi mbili za mchele, na usiku wezi wakaingia ghalani mwa jirani wakaufagia wote, hakuna mzee wa mtaa atakayehukumu kwamba deni limekwenda na wezi. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, wala hawakuongeza masharti.

Kwa kuwa benki ni mdaiwa, haina haki ya kupunguza deni lake ila kwa amri ya mdai wake. Hundi ni amri ya namna hiyo, na ndiyo maana Sheria ya Hundi ya Uingereza ya mwaka 1882, iliyofuatwa na sheria zetu za Afrika Mashariki, imesema katika kifungu cha 24 kwamba sahihi ya kughushi haina nguvu yoyote. Keshia aliyelipa hundi ya kughushi amelipa fedha za benki. Na hata kama mghushi alikuwa hodari kiasi cha kulidanganya jicho la mtaalamu, akaunti ya mteja haiguswi, kwa sababu amri haikuwapo. Tazama jinsi sheria ilivyolikabili jambo hili zama za kalamu na wino: haikuuliza kama benki ilijitahidi, wala kama keshia alikuwa mwaminifu, iliuliza neno moja tu, mwenye fedha aliamuru au hakuamuru?

Haikuwa, hata hivyo, sheria ya kumbembeleza mteja. Mahakama zilimpa dhima mbili, na zote mbili ni za insafu. Ya kwanza ni kwamba asiiandike amri yake kwa namna inayomfungulia mwivi mlango: mwaka 1918, katika shauri la London Joint Stock Bank na kampuni ya Macmillan na Arthur, karani alimletea bwana wake hundi ya pauni 2 ambayo mahali pa kuandika kiasi kwa maneno palikuwa patupu, na penye tarakimu palikuwa na nafasi; bwana akatia sahihi, na karani akaigeuza hundi kuwa ya pauni 120, akazichukua akatoweka. Hasara ilimwangukia bwana. Ya pili ni kwamba akishajua kuwa anaibiwa asinyamaze: katika shauri la Greenwood na Martins Bank la mwaka 1933, mume aliyejua kwamba mkewe anaighushi sahihi yake, akalificha jambo hilo kwa miezi hata benki ikapoteza nafasi ya kudai haki yake, aliambiwa kwamba kimya chake kimemfungia mlango.

Zaidi ya hizo mbili, benki zilijaribu kuongeza ya tatu, zikashindwa. Huko Hong Kong karani wa hesabu wa kampuni ya pamba ya Tai Hing alighushi kwa miaka kadhaa hundi zipatazo 300, zenye thamani ya dola za Hong Kong takriban milioni 5.5, na benki zikadai kwamba lau kampuni ingalizisoma taarifa za akaunti ilizoletewa kila mwezi, wizi ungaligunduliwa mapema. Shauri lilifika London mbele ya mahakama ya mwisho ya rufani ya makoloni, ambayo mwaka 1985 iliamua kwamba mteja hana wajibu wa kuwa askari wa benki. Ikiwa benki zataka mteja abebe mzigo huo, na ziuandike katika mkataba kwa maneno ya dhahiri, mteja aone kabla ya kutia sahihi anajifunga kwa nini. Benki ziliusikia ushauri huo vizuri mno. Ndiyo maana leo mteja afunguapo akaunti hupewa kijitabu cha masharti, chenye herufi zinazomtesa hata kijana mwenye macho mazima, na ndani yake sharti kwamba muamala wowote uliofanywa kwa namba yake ya siri utahesabiwa kuwa ameuamuru yeye.

Hapo ndipo penye shina la dhuluma. Sahihi ya wino ilikuwa na alama za mkono wa mtu, ikaweza kulinganishwa na kubishaniwa mahakamani. Tarakimu 4 hazina alama ya mkono wa yeyote. Kadi yenye ukanda wa sumaku yaweza kunakiliwa kwa chombo kidogo kilichobandikwa kwenye tundu la mashine, na kamera iliyofichwa juu ya vitufe ikaziona tarakimu. Laini ya simu nayo yaweza kuhamishwa: mwivi huenda na kitambulisho cha bandia, au hula njama na mtu wa ndani, akapewa laini mpya yenye namba ile ile, simu ya mwenyewe ikakatika mtandao, na namba za uthibitisho zitumwazo na benki zikaanza kumfikia mwivi. Na wako watumishi, walio wachache kuliko waaminifu, lakini wapo, ambao hupita milango ambayo mteja hajui hata kama ipo. Katika hali zote hizo kumbukumbu ya mashine itaandika maneno yale yale: namba sahihi, muamala umekamilika. Kumbukumbu hiyo yathibitisha kwamba fedha zimetoka, na sheria zetu za ushahidi hukubali maandishi ya vitabu vya benki kuwa ushahidi wa awali wa jambo hilo. Lakini ni nani aliyeamuru zitoke, hilo mashine haikuliona, na isiloliona haiwezi kulitolea shahada.

Wako mahakimu walioligundua jambo hili mapema. Mwaka 1980 mahakama moja ya mji wa New York ilisikiliza dai la mwanamke aliyesema dola 800 zimetolewa katika akaunti yake saa ambazo yeye alikuwa kazini, na barua ya mwajiri wake ikamshuhudia. Benki haikuleta shahidi aliyemwona. Ilileta karatasi za kompyuta. Hakimu aliona kwamba ametakiwa kuchagua kati ya mtu na mashine, na kwa kuwa mtu alikuwa mkweli mbele yake, alikataa kuipa mashine ushindi. Mwaka uliofuata, mjini humo humo, mwivi mmoja alijifanya fundi wa benki akizungumza na simu ya huduma iliyokuwa kati ya mashine mbili, akamwomba mteja amwazime kadi aijaribu mashine ya pili, naye alikwisha kuziona tarakimu zilipokuwa zikibonyezwa; akatoa dola 400. Benki ilisema mteja alijitakia mwenyewe kwa kumpa mgeni kadi. Mahakama ilijibu kwamba benki ilikuwa inaijua hila hiyo na haikuwaonya wateja wake, na kwamba kuhadaiwa si kutoa idhini.

Uingereza ilikwenda njia nyingine, na matokeo yake yafaa kuwa funzo kwetu. Benki za huko zilishikilia kwa miaka mingi kwamba mitambo yao haikosei, na anayelalamika ama amepotewa na akili ama ni mwongo. Askari polisi mmoja wa Cambridgeshire, aliyekwenda kulalamika kwamba fedha zimetoweka katika akaunti yake, alishitakiwa yeye kwa kujaribu kuitapeli taasisi iliyokuwa na fedha zake, akahukumiwa mwaka 1994 kuwa ana hatia. Katika rufani, marehemu Ross Anderson, mwanachuoni wa Cambridge katika elimu ya usalama wa kompyuta, alisimama upande wa mshitakiwa. Upande wake ukataka mitambo ile ikaguliwe, wenye mitambo wakakataa, na mwaka 1996 askari yule akaachiwa huru. Anderson alikwisha kuandika mwaka 1993 jambo ambalo kila mwenye kutunga kanuni hana budi kulizingatia: kwamba Marekani, ambako benki ndizo zilizobeba hasara, benki hizo zilijifunza kuzuia wizi, ilhali Uingereza, ambako hasara iliwaangukia wateja, benki zilipata usingizi na wizi ukaongezeka. Asiyeumizwa na hasara hana haraka ya kununua kufuli.

Nchi nyingi zimekwisha kulitengeneza jambo hili kwa sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 imemwekea mteja mpaka: akitoa habari ndani ya siku 2 za kazi tangu ajue kwamba kadi yake imepotea au kuibiwa, hasara yake haivuki dola 50; akichelewa yaweza kufika dola 500; na hubeba hasara isiyo na kikomo kwa wizi utokeao baada ya yeye kukaa siku 60 na taarifa ya akaunti asiseme neno. Umoja wa Ulaya umeweka euro 50, na Uingereza, iliyojirekebisha, pauni 35, pamoja na kutamka wazi kwamba kumbukumbu ya mashine peke yake si lazima itoshe kuthibitisha kwamba mteja aliamuru. Benki Kuu ya India nayo, kwa waraka wa Julai 2017, imeagiza kwamba mteja aliyeibiwa kwa sababu isiyo yake wala ya benki, akatoa habari ndani ya siku 3 za kazi, habebi hasara yoyote. Kwamba fedha zirudishwe katika akaunti ndani ya siku 10 za kazi. Na kwamba mzigo wa kuthibitisha kosa la mteja ni wa benki. India si nchi ya matajiri watupu, na benki zake hazikufilisika kwa waraka huo.

Afrika Mashariki haistahili kubaki nyuma katika jambo hili, maana katika fedha za simu ilikuwa mbele ya ulimwengu tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007. Leo mshahara wa mwalimu hupita benki, ukaingia simuni, ukatoka kwa wakala sokoni, yote katika muda wa dakika. Na kila kiungo cha mnyororo huo kina mwenyewe anayesema kosa ni la mwenzake. Benki humwelekeza mlalamikaji kwa kampuni ya simu, kampuni ya simu humrudisha benki, na polisi humwuliza karatasi ambazo benki haikumpa. Kenya ina Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2011, Tanzania ina yake ya mwaka 2015, na Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019. Ala ya kutengenezea jambo hili, basi, serikali zetu zinayo.

Najua hoja za upande wa pili, wala si za kupuuzwa. Husemwa kwamba wako wateja wanaoandika namba ya siri juu ya kadi yenyewe, wanaowaachia wajukuu simu na siri zake, na wanaokula njama na wezi kisha wakaja kulia. Wapo, lakini kuwapo kwao si hujja ya kuwahukumu wasiokuwa wao. Benki yenye picha za kamera, saa za kila muamala, na mahali simu ilipokuwa, inaweza kumfichua mwongo kwa wepesi zaidi kuliko mteja asiye na chochote isipokuwa neno lake anavyoweza kuuthibitisha ukweli wake. Husemwa tena kwamba hasara zikiiangukia benki, mwisho zitalipwa na wateja wote kwa ada. Na iwe hivyo. Hasara iliyogawanywa juu ya watu laki kadhaa ni senti, lakini ikimwangukia mjane mmoja ni ada ya shule ya mwaka mzima.

Liko jambo moja lenye uzito zaidi, la mtu aliyehadaiwa akazituma fedha kwa mkono wake mwenyewe. Nani hajapata ule ujumbe usemao ile pesa itume kwenye namba hii? Hapo amri ya mteja ilikuwapo, ijapokuwa ilizaliwa na hadaa, na Mahakama Kuu kabisa ya Uingereza ilisema mwaka 2023, katika shauri dhidi ya benki ya Barclays, kwamba benki iliyotii amri ya wazi ya mteja wake haina dhima ya kumfidia. Nakiri kwamba uamuzi huo ni sawa kwa mantiki ya deni niliyoifuata tangu mwanzo. Lakini Waingereza hawakuishia hapo: tangu tarehe 7 Oktoba 2024 aliyehadaiwa hivyo hurudishiwa fedha hadi kufikia pauni 85,000, nusu ikitolewa na benki iliyotuma na nusu na benki iliyompokelea tapeli. Hiyo ni huruma iliyotungiwa sheria, nayo yaweza kungoja zamu yake. Aliyeibiwa bila ya kuamuru haombi huruma, adai deni.

Kwa sababu hizo nazitaka benki kuu zetu zitamke mambo manne kwa maneno yasiyohitaji wakili kuyafasiri. Kwanza, kwamba muamala ukikanushwa, benki ndiyo ithibitishe kwamba mteja aliamuru, na namba sahihi ya siri peke yake isiwe uthibitisho. Pili, kwamba fedha zirudishwe katika akaunti ndani ya siku zilizohesabiwa, uchunguzi ukiendelea. Tatu, kwamba hasara ya mteja asiye mhalifu wala mwenye taksiri kubwa iwe na mpaka, na sharti lolote la mkataba linalovuka mpaka huo liwe batili. Nne, kwamba benki na kampuni ya simu zijibu kwa pamoja mbele ya mlalamikaji, na kumbukumbu na picha zihifadhiwe na kuonyeshwa kabla hazijafutwa.

Mteja naye abaki na dhima zake za kale. Asome ujumbe wa simu yake na taarifa ya akaunti yake, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Ailinde siri yake. Na aonapo asilolijua apige simu saa hiyo hiyo, asingoje kesho. Akishafanya hayo amekwisha kutimiza sehemu yake. Iliyobaki ni ya benki: ilete ushahidi wa amri iliyoitii, na ikishindwa, iziandike fedha zile katika hesabu ya hasara zake yenyewe, na deni lake kwa mteja lisipungue hata senti moja.